NJIA YA SANI: MOTOKAA NA MLIMA

Mazungumzo ya leo ni juu ya njia moja fupi. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kuipanda sehemu yake kali kwa asubuhi moja akafika juu kabla jua halijawa kali. Lakini njia hiyo imewafunza madereva wengi adabu. Na baadhi ya wale waliokataa kufunzwa, vyuma vya motokaa zao vyaonekana vimelala bondeni chini ya kona. Jina lake ni Sani.

Kwanza tujue mahali ilipo. Tazameni ramani ya Afrika ya Kusini. Katikati yake mtaona nchi ndogo iliyozungukwa pande zote na nchi nyingine, kama kisiwa kilichozungukwa na maji. Hiyo ni Lesotho, ambayo hadi mwaka 1966 iliitwa Basutoland. Ni nchi ya milima mitupu. Hata mahali pake pa chini kabisa papata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki nchi hiyo yaishia kwenye ukingo wa milima ya Drakensberg, ambayo imesimama kama ukuta. Chini ya ukuta ni KwaZulu-Natal, yenye mashamba, miji na bandari. Juu ya ukuta ni uwanda wa baridi, wenye majani mafupi, kondoo, mbuzi wa manyoya marefu, na Wasotho waliojifunika mablanketi yao mazito juu ya farasi wadogo wenye nguvu.

Sani ni ufa katika ukuta ule. Njia huanza mahali penye kimo cha mita 1,540 hivi, ikaufuata mto uitwao Mkhomazana, ikapanda hata zaidi ya mita 2,870. Sehemu yake kali, baina ya kituo cha mpaka wa Afrika ya Kusini chini na kituo cha Lesotho juu, ni yapata kilomita 8 tu. Karibu na mwisho njia hujipinda huku na huku kama nyoka aliyekanyagwa mkia, kona juu ya kona, na dereva akitazama kando huona paa la motokaa inayomfuata likiwa chini ya miguu yake.

Zamani njia hii ilikuwa ya wanyama. Punda na nyumbu walishuka wamebeba manyoya ya kondoo, wakapanda wamebeba mahindi, chumvi na nguo. Mwanzoni hakuna aliyedhani kwamba gurudumu laweza kupita hapo. Lakini Vita Kuu ya Pili vilileta motokaa mpya duniani. Tangu mwaka 1941 jeshi la Marekani lilikuwa likitengenezewa gari dogo liitwalo Jeep, ambalo injini yake iliweza kuzungusha magurudumu yote manne. Vijana wetu wa Afrika ya Mashariki waliopelekwa Burma mwaka 1944 waliliona gari hilo likipita matopeni na vilimani ambako malori yalishindwa. Vita vilipokwisha, magari hayo yaliuzwa kwa raia. Mwaka 1948 Godfrey Edmonds, aliyekuwa mwanahewa wakati wa vita, akaipitia Sani kwa Jeep, na yeye ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuipita kwa motokaa. Mwaka ule ule, mwezi wa Aprili, Land Rover ya kwanza ilionyeshwa watu mjini Amsterdam. Na mwaka 1955 David Alexander alianzisha kazi ya kuchukua abiria na mizigo kwa motokaa katika njia ile hata Mokhotlong. Hivyo mlango uliofunguliwa na kwato za punda ukapanuliwa na magurudumu.

Sasa wanafunzi watauliza: Magurudumu manne yanayovuta yana nini zaidi ya mawili? Si kila motokaa ina magurudumu manne?

Swali ni jema. Naam, kila motokaa ina magurudumu manne, lakini katika motokaa nyingi za kawaida injini huzungusha mawili tu; mawili mengine hufuata, kama watoto wanaovutwa mkono. Sasa fikirini kilima. Tuchukue mahali ambapo njia hupanda mita moja kwa kila mita nne za mwendo. Hapo robo nzima ya uzito wa gari hulivuta kurudi nyuma. Gari la kilo 2,000 ni kama limefungwa kamba yenye mzigo wa kilo 500 unaoning'inia bondeni. Injini yaweza kuwa na nguvu za kutosha kuushinda mzigo huo, lakini nguvu hizo sharti zipite mahali padogo sana, yaani pale mpira unapogusana na ardhi. Ardhi ikiwa ya changarawe, mpira huteleza kama mguu wa mtu akimbiaye juu ya punje za mahindi. Ukigawa kazi kwa magurudumu manne, kila moja huombwa kidogo, nalo huweza kushika. Wachukuzi wanne hubeba jeneza mahali ambapo wawili wangeanguka.

Gari la namna hii lina jambo la pili, ambalo watu wengi hawalifikirii, nalo ni gia za nguvu. Kando ya gia za kawaida kuna wenzo mwingine. Dereva akiuvuta, mwendo wa magurudumu hupungua na nguvu yao huongezeka. Katika ile Jeep ya vita mwendo ulipungua karibu nusu, na nguvu ya kusukuma ikawa karibu maradufu. Hii ni kanuni ile ile ya mtaimbo mnayofunzwa shuleni: mkono wako husafiri mbali, jiwe husogea kidogo, lakini jiwe ambalo watu wanne hawakuweza kulisukuma huinuka. Injini haikupewa nguvu kutoka mbinguni. Imeuza mwendo, imenunua nguvu.

Lakini gari hilo lina udhaifu wake, na dereva asiyeujua atajidai bure. Motokaa inapokata kona, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani, kama askari wa mwisho wa mstari anayelazimika kwenda mbio huku yule wa mwanzo akikanyaga hapo hapo. Kwa hiyo baina ya magurudumu mawili huwekwa chombo kiitwacho difu, ambacho huyaruhusu kuzunguka kwa mwendo mbalimbali. Chombo hicho ni chema barabarani, lakini katika njia ya mawe kina ila. Gurudumu moja likiinuka hewani, hilo huzunguka bure, na mwenzake aliyeko chini hapati nguvu. Na likiinuka moja la mbele na moja la nyuma la upande wa pili, basi gari lenye magurudumu manne husimama likalia tu. Ndiyo sababu magari mengine hutiwa kufuli ya difu, inayoyafunga magurudumu mawili yazunguke kama moja. Hata hivyo kufuli hiyo haitumiwi katika barabara ngumu na kavu, kwa maana kona zingeisokota mitambo mpaka ikavunjika. Ni ya changarawe, matope na mawe, ambako gurudumu laweza kuteleza kidogo na kuutoa msongo ule.

Na sasa tupande. Dereva mwenye akili huanza kazi kabla ya kuwasha injini. Hutazama maji, mafuta, breki na mipira. Hufunga mizigo kwa kamba, kwa kuwa debe la mafuta lililolegea huwa adui ndani ya nyumba. Mizigo mizito huiweka chini, si juu ya paa, ili gari lisipinduke. Akifika penye mawe asiyoyajua, hushuka akatembea kwa miguu, akachagua njia ya magurudumu yake. Wapo wanaoona haya kushuka. Nawauliza: Je, mjenzi huona haya kupima kabla ya kukata mti?

Gia ya kupandia huchaguliwa chini, si katikati ya kilima. Akibadili gia mahali pakali, kwa kitambo kidogo injini huachana na magurudumu, na kitambo hicho chatosha gari kusimama na kuanza kurudi. Basi huingia kilimani kwa gia ndogo ya nguvu, pole pole, bila kukanyaga mafuta kwa ghafula. Akiona jiwe kubwa katikati ya njia, asilipitishe baina ya magurudumu, kwani tumbo la gari ndilo lenye difu na bomba la mafuta. Heri aupandishe mpira juu ya jiwe, maana mpira uliumbwa kwa kukanyagwa na tumbo halikuumbwa hivyo. Vidole gumba viwe nje ya usukani, visiukumbatie kwa ndani. Gurudumu likipiga jiwe, usukani wa magari ya zamani hurudi kwa nguvu ya kuvunja kidole.

Jambo jingine ni hewa. Kadiri tunavyopanda hewa huwa nyepesi. Injini hula hewa pamoja na mafuta. Juu ya Sani, injini ya kawaida isiyosukumiwa hewa hukosa karibu robo ya nguvu ilizokuwa nazo pwani. Maji nayo huchemka upesi, yapata digrii 90 badala ya 100. Kwa hiyo dereva asishangae gari lake likichoka mahali ambapo yeye mwenyewe anahema.

Na injini ikizimika katikati ya kilima, afanyeje? Hapa ndipo watu hufa. Moyo humwambia ageuze gari arudi akitazama mbele. Asithubutu! Gari lililowekwa kiubavu juu ya mteremko hupinduka kama pipa. Akanyage breki, avute na breki ya mkono. Utingo ashuke upande wa mlima, si upande wa bonde, aweke jiwe au kipande cha gogo nyuma ya gurudumu. Kisha asimame kando, asikae nyuma ya gari hata kidogo. Ndipo dereva aweke gia ya kurudi nyuma, ile ya nguvu, ashuke pole pole kwa njia ile ile aliyopandia, usukani ukiwa umenyooka. Klachi asiiguse gari likitembea, kwa sababu akiikanyaga injini haitalizuia gari tena. Akifika chini apumue, atazame kilichomshinda, kisha ajaribu tena. Kushindwa mara moja si fedheha.

Watu hudhani kupanda ndiyo kazi, na kushuka ni kupumzika. Sivyo. Mpanda ngazi hushuka, na wengi huvunjika wakati wa kushuka. Fanyeni hesabu hii nami. Gari la kilo 2,000 likishuka mita 1,300, uzito wake hutoa nguvu ambayo sharti iende mahali. Dereva akishuka kwa breki tupu, nguvu hiyo yote hugeuka joto ndani ya breki. Joto hilo latosha kuchemsha karibu madebe manne ya maji! Mnaweza kufikiri vyuma vile vidogo vitakuwaje. Kwanza hutoa harufu. Kisha huanza kulegea. Mwisho dereva hukanyaga, na mguu wake huenda mpaka sakafuni bila jibu. Kwa hiyo wazee wa kazi husema, gia uliyopandia ndiyo ushukie. Injini ikiunganishwa na magurudumu kwa gia ndogo, hulizuia gari kama mtu anayeshika mkia wa ng'ombe, na breki hubaki baridi kwa ajili ya dharura.

Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuko mbali na mambo haya. Kule Ngorongoro sakafu ya kreta iko mita 600 hivi chini ya ukingo, na gari ambalo halivuti kwa magurudumu manne haliruhusiwi kushuka. Lakini Ngorongoro wametenga njia: ya Seneto ni ya kushuka, ya Lerai ni ya kupanda. Sani haina anasa hiyo. Njia ni moja, nayo ni nyembamba, na anayepanda hukutana uso kwa uso na anayeshuka. Nani ampishe mwenzake? Desturi ya milimani ni kwamba anayeshuka humpisha anayepanda. Sababu yake si cheo. Anayepanda akisimama aweza kushindwa kuanza tena, na kumrudisha nyuma ni kumtia hatarini. Anayeshuka humwona mwenziwe kutoka mbali, naye aweza kungoja mahali papana. Desturi hii ni nzuri hata nje ya barabara: mwenye kazi nyepesi ampishe mwenye kazi nzito.

Tena kuna baridi. Miezi ya Juni, Julai na Agosti theluji huanguka juu ya Sani, na maji yanayovuja mwambani hugeuka barafu juu ya njia. Ziko kona ambazo jua la kipupwe haliziingii, barafu yake haiyeyuki mchana kutwa. Na hapo, wasikilizaji wangu, sifa zote za magurudumu manne huisha. Magurudumu manne yakiteleza ni manne yanayoteleza, basi. Kipo kifaa cha minyororo ya kufungwa juu ya mipira, lakini mara nyingi neno la busara ni moja tu: rudi.

Nataka kukaa juu ya neno hilo, maana ndilo kiini cha mazungumzo yangu. Sheria ya Afrika ya Kusini hairuhusu gari lisilo la magurudumu manne kupita kituo cha mpaka cha Sani kwenda juu. Hiyo ni sheria, na polisi waweza kuisimamia. Lakini hakuna polisi awezaye kukaa ndani ya moyo wa dereva pale kona ya katikati, mvua ikinyesha, abiria kumi wakimtazama, mmoja akisema, "Twende, bwana, tumechelewa," na mwingine akisema, "Jana fulani alipita." Usisafirie nyota ya mwenzio. Yule fulani wa jana alikuwa na njia kavu, au mzigo mwepesi, au bahati tu. Dereva aliyeshika usukani ameshika roho za watu, na mama aliyempakata mtoto kiti cha nyuma hakumpa nauli yake ili aonyeshe ushujaa. Kijana anayeweza kusema mbele za watu, "Ndugu zangu, leo hatupiti, tutangoja kesho," huyo ni mwanamume kuliko aliyepita kwa kubahatisha. Watamcheka jioni. Lakini watakuwa hai wa kumcheka.

Siku hizi kuna shauri kubwa juu ya Sani. Upande wa Lesotho barabara ya kutoka juu hadi Mokhotlong imetiwa lami, na sehemu ya chini upande wa Afrika ya Kusini nayo imetiwa lami. Wapo watakao lami hiyo ifike kilele. Husema kwamba mgonjwa hawezi kungoja theluji iyeyuke, na kwamba mwenye manyoya ya kuuza hupoteza faida yake katika nauli. Wapo wengine wasiotaka. Husema kwamba wageni huja Sani kwa sababu ya ugumu wake, na kwamba madereva wenye kuwachukua wageni hao watakosa riziki njia ikiwa laini. Mimi sikuletwa hapa kuamua kesi ya watu wengine. Lakini nawaambia wanafunzi: mkisikia mgeni akiisifu njia mbaya, mwulizeni pia mwenyeji anayeipita kila wiki na mzigo wake. Njia moja yaweza kuwa mchezo kwa mmoja na maisha kwa mwingine, na wote wawili husema kweli.

Hata hivyo lami haitaondoa mlima. Kona zitabaki, barafu itabaki, na uzito wa gari utabaki kuvuta bondeni kama ulivyovuta mwaka 1948. Kwa hiyo maarifa haya hayatachakaa upesi. Na ninyi msio na motokaa msiseme kwamba maneno haya hayawahusu. Wengi wetu ni abiria, na abiria naye ana wajibu. Asimhimize dereva. Akiambiwa ashuke atembee mahali pabaya, ashuke bila kununa. Mzigo wake umepungua garini, na roho yake iko salama juu ya miguu yake mwenyewe. Akisikia harufu ya breki inayoungua, aseme wazi, hata kama dereva ni mkubwa wake.

Wazee wetu walisema, mwenda pole hajikwai. Hawakuwa wameona motokaa, lakini waliujua mlima. Basi, wasikilizaji wangu, muda wangu umekwisha. Nawatakia safari njema, za kupanda na za kushuka. Kwaherini.